Magadi ya Sanda ya Bibi

Siku hizi ukitaja magadi, watu wanafikiria yale mawe yanayotoka bara. Kwetu Chole magadi yalikuwa maji. Unachoma makumbi ya nazi, majivu yake unayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamimina maji juu, na yanayochuruzika ndiyo magadi yenyewe. Tulilainishia kunde, tulipikia sabuni, tulifulia. Na hakuna aliyeyajua kama mama yangu; anayetaka kubisha na abishe.

Wakati wa vita vya Wajerumani nguo ziliadimika. Bibi, mama yake baba, alikuwa mgonjwa hoi, na Ramadhani imeshaingia. Akaagiza sanda yake itolewe kashani, kitambaa cheupe cha bafta alichokiweka miaka. Lahaula! Chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa imevuja, na bafta ina doa la manjano pindo hadi pindo. Bibi alilia. Aliogopa kuzikwa na uchafu, na madukani hapakuwa na hata kipande cha leso.

Mama akasema ataifua kwa magadi.

"Wewe?" Bibi akafoka. Hakuwahi kumruhusu mama afue hata kanga yake. "Yakizidi ukali yataila, nizikwe na matambara!"

Hapo alisema kweli. Magadi hafifu hayatoi mafuta, na makali yanakula uzi. Siku zote mama aliyapima kwa ncha ya ulimi, lakini sasa amefunga. Shangazi, binti yake Bibi, akamwambia alambe tu ateme, swaumu haiharibiki.

"Sitaki wasiwasi na swaumu yangu, wifi," mama akajibu, akatumbukiza vidole, akavisugua. Yakiteleza mno, anayazimua. Yasipoteleza, anayarudisha kwenye majivu. Asubuhi hadi alasiri! Ngozi ya vidole ilimbabuka, nami namwambia basi, mama, basi. Akanifukuza.

Bafta ikatoka nyeupe pe, wala hapakukatika uzi. Nilijivuna utadhani nimefua mimi.

Bibi akaipapasa yote, akainusa, akatafuta kasoro. Jamani, alitafuta! Kisha akaishika mikono ya mama, akavitazama vile vidole. Akamgeukia shangazi.

"Siku yangu ikifika, wa kuniosha ni huyu. Nyinyi mtachota maji."

Mama akalia palepale, kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia.