Picha Yangu Imemponza Rafiki Aliyenifundisha Kazi

Mwenye ukurasa, nakuomba unifichie jina, maana Ifakara tunajuana. Nina miaka ishirini na tisa, mke na mtoto mmoja, na ni msaidizi kwenye maabara moja ya utafiti wa malaria. Watu wananiona nimenyooka, shati limepigwa pasi. Jamani, ndani nimeoza, na zaidi ya mke wangu mtu wa kumwambia sina.

Kazi yenyewe ni hii. Vijidudu vya malaria vina protini, na wataalamu wa nje hututumia maumbo yake kwenye disketi. Ukiyafungua kwenye kompyuta unaona kitu kama waya uliokunjwakunjwa. Unachukua maumbo matatu ya vijidudu vya aina tatu, jekundu, la kijani na la bluu, unayalaza moja juu ya jingine mpaka yakae vizuri. Panapofanana ndipo dawa moja inaweza kuvishika vijidudu vyote. Panapotofautiana, itateleza.

Aliyenifundisha ni Deo, mtu wa kijiji cha Uchindile. Nilikuwa sijui hata kuwasha mashine. Alinivumilia huku akinitania, "Wewe bwana, hilo siyo jembe, usilishike kwa hasira!"

Masika ya mwaka jana disketi zilianza kuota ukungu. Huku kwetu tunazitunza kwenye kopo lenye mchele mkavu unyonye unyevu, lakini wapi. Dokta, mama anayetuongoza, akaniagiza nitoe nakala mpya na za zamani nizichome. Nikawa natoa disketi, naingiza nyingine, natoa, naingiza. Katikati umeme ukakatika. Uliporudi sikukumbuka nimefikia ipi. Badala ya kuanza upya nikaendelea kwa kukisia, nikabandika lebo, nikachoma za zamani.

Kesho yake nikayalaza maumbo. Yakakaa sawasawa kabisa, ikaonekana rangi moja tu, na kompyuta ikaandika tofauti ni sifuri. Dokta akapiga makofi.

"Umeona, Deo? Mwenzio kapatia! Wewe kila siku unaniletea picha yenye mkia wa waya uliochomoza pembeni."

Deo akajibu kwa upole, "Samahani Dokta, hata mapacha hawalingani hivi. Mkia ule upo."

"Unabishana na kompyuta?"

Hapo ndipo nikang'amua kosa langu! Nilikuwa nimenakili umbo lilelile mara tatu, nikalipa majina matatu. Ningesema palepale, tungecheka yakaisha. Nikanyamaza. Haukupita muda, mkataba wa Deo haukuongezwa, ikasemwa ni mzembe na mbishi. Mimi nikaahidiwa nafasi ya kwenda kusoma.

Siku anaondoka aliniachia kopo lake la mchele. "Nitunzie, ndugu yangu. Kijijini hakuna mashine ya kufungulia disketi."

Wiki iliyopita nikalifungua. Ndani mlikuwa na disketi tatu, nakala zake mwenyewe alizozitoa kabla ukungu haujaingia. Nikayalaza maumbo yake. Rangi zote tatu zikatokea, na mkia umechomoza palepale alipokuwa akituonyesha kwa kidole. Nililia mwenzenu, wenzangu wakaniuliza, nikasingizia mafua.

Mwezi ujao picha yangu inachapwa kwenye jarida la wataalamu. Watu wenye nia njema watatafuta dawa kwa kufuata uongo wangu. Nilipomweleza mke wangu akaniambia, "Baba Neema, nyamaza. Ukifukuzwa tutakula nini? Deo analima, hajafa." Sikumlaumu, hata mimi nimejiambia hivyohivyo mara nyingi.

Juzi ikaja barua ya Deo. Mkewe kajifungua mtoto wa kiume, na wamempa jina langu. Ameandika, "Kwa sababu wewe peke yako hukunicheka." Anaomba niwe baba wa ubatizo, Pasaka hii. Nimeshajibu ndiyo.

Kopo liko chini ya kitanda changu. Nikilipeleka kwa Dokta, kazi imekwisha na masomo yamekwisha, na Deo atajua ni nani aliyemponza. Nisipolipeleka, nitasimama kanisani nimempakata mtoto mwenye jina langu, baba yake kasimama pembeni yangu anatabasamu, na padri ataniuliza kama namkataa shetani na mambo yake yote.

Nisaidieni, ndugu zangu. Siku hiyo nitajibu nini?