Siku Guyo Alipomwacha Ekai

Juzi niliona watoto wa mtaa wa Kiwanjani wakigawana timu, nikakumbuka alasiri moja yenye vumbi na harufu ya mbuzi. Kaka yangu Guyo, kapteni wetu, kila mara alianza kwa kumchagua Ekai, jirani yetu Mturkana, kipa hodari kuliko wote. Siku hiyo alimruka.

"Guyo, na Ekai je?" nilipiga kelele.

"Nyamaza, Halima. Baba amekataa."

Nilidhani Baba hajui mpira. Ekai alivua glavu zake, akampa kipa mpya, akaenda nyumbani. Tulifungwa vibaya.

Sikujua kwamba huko malishoni watu wa kabila letu na Waturkana walikuwa wameuana. Kesho yake familia ya Ekai ilihama, na Guyo hakukubali tena kuwa kapteni.