Aliyewahesabu Mbuzi Wake

Nina agroveti hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na nitajisema mwenyewe kabla sijawasema wengine. Kwa miaka tisa niliwauzia wafugaji dawa bila kuuliza mnyama anaumwa nini. Mtu anaingia, anasema, "Nipatie ile ya manjano," nami nampa ile ya manjano. Mbuzi akipona nasifiwa, akifa ni mipango ya Mungu. Nikikumbuka hayo najisikia vibaya hadi leo.

Aliyenikomesha ni mteja wangu, Naisenya Kuntai, ambaye tumezoea kumwita Mama Soipan, mama mmoja wa huko nyuma ya Isinya, kwenye njia ya kwenda Kajiado. Ni mjane. Mbuzi ndio karo ya watoto wake, ndio unga, ndio nauli. Siku hiyo aliingia dukani nami, kwa mazoea, nikanyoosha mkono kwenye chupa ya manjano.

"Ngoja kwanza, Mama Shiro," akasema. "Nimempima. Ako na joto arobaini na moja, anakohoa, na anasimama hivi." Akatanua viwiko mbele ya kaunta yangu, shingo ameinyoosha mbele, akakohoa kikohozi cha mbuzi mgonjwa. Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. "Hii ni ile homa ya mapafu. Hiyo ya manjano wachana nayo. Uko na tailosini?"

Nikaurudisha mkono, nikaenda kuitafuta hiyo antibiotiki. Naisenya aliacha shule darasa la tatu.

Kumbe kuna chuo kikuu, jina lake nitalihifadhi, kilichoanzisha masomo ya mashinani kijijini kwao. Kila Alhamisi akina mama kumi na tisa walikutana katika kanisa la mabati, wakafundishwa na kijana mmoja anayeitwa Opiyo. Huyo Opiyo alikuwa mwalimu kwelikweli. Alifika Jumatano jioni, akalala kwa mchungaji, akaamka saa kumi na moja kuwakagua mbuzi kabla hawajatoka bomani. Aliwauliza akina mama majina ya magonjwa kwa Kimaa, lugha yao, akayakariri, ndipo akawafundisha ya kwake. Miezi minane tu. Mwaka ule mvua zilipokuja na kikohozi chake, kijiji kile kilizika mbuzi wachache kuliko vijiji vyote vya jirani. Mauzo yangu ya chupa ya manjano yalianguka, na sikusikitika hata kidogo.

Sasa mtu akiniambia masomo ya chuo hayana faida kwa watu wa kijijini, namwambia aende akamwone Naisenya ameshika kipimajoto. Lakini akiniambia chuo kinawapenda watu wa kijijini, hapo natema mate.

Mkataba wa Opiyo uliisha, haukuongezwa. Badala yake akaja mratibu, Bwana Githongo. Alikuja na magari mawili, bango, tisheti za rangi ya chungwa, katoni za maji ya chupa na mpiga picha. Mimi nilialikwa kwa sababu walihitaji "mdau wa biashara" kwenye picha. Nikavaa tisheti. Ndiyo, nami niliivaa.

Walifika saa tano asubuhi. Saa tano, mbuzi wako malishoni kilomita nne kutoka nyumbani. Githongo akatazama boma tupu, akaona kinyesi na mwana-mbuzi mmoja mwenye mguu mbovu, akatoa tableti yake, ile kompyuta ya kushika mkononi, na kuanza kuuliza kila nyumba swali moja: una mbuzi wangapi?

Mtu aliyekaa Kajiado hata mwezi mmoja anajua kwamba hilo si swali la kumuuliza Mmaasai. Mifugo haihesabiwi. Kumtajia mgeni idadi ni kuwaita fisi na magonjwa kwa sauti kubwa. Mwenyewe husimama langoni jioni, akawatazama wakiingia, akajua kwamba yule wa sikio lililokatika hayupo. Hahitaji nambari. Opiyo alilijua hilo, hakuwahi kuwauliza. Alisimama langoni alfajiri akajionea.

"Wachache," wakasema nyumba ya kwanza. "Wachache tu," nyumba ya pili. Kwa Naisenya, mama mkwe wake, Koko Kuntai (koko kwao ni bibi mzee), alikuwa ameketi mlangoni akishona shanga, sikio limesimama.

"Wachache ni ngapi, mama?" Githongo akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye tableti.

Naisenya akamtazama koko. "Labda ishirini."

Mimi humuuzia dawa ya minyoo. Nilijua kiasi anachonunua, na mbuzi ishirini wangeoga ndani yake. Nikanyamaza, na tisheti yangu. Nilijiambia hayo ni mambo ya kwao. Tukapigwa picha, tukala wali, magari yakaondoka kabla mbuzi hawajarudi.

Miezi mitatu baadaye Githongo akanipigia simu. Chuo kilikuwa kimepata chanjo ya homa ya mapafu, na alitaka kutumia friji yangu. Zilikuja chupa nne, kila chupa ya mbuzi mia moja, kulingana na data aliyokusanya. Nilizipeleka mwenyewe kwenye sanduku la barafu. Kwa kuwa chanjo lazima itolewe kabla ya malisho, Githongo kwa mara ya kwanza aliamka gizani, akafika kijijini saa kumi na mbili akipiga miayo.

Malango yakafunguliwa.

Natamani mngeuona uso wake. Mbuzi walitoka boma la kwanza, wakaendelea kutoka. Wakatoka la pili. Vumbi likapanda hadi hatukuonana. Kwa macho yangu walikuwa zaidi ya elfu moja na mia tano.

"Mlinidanganya!" Githongo akapiga kelele. "Mmeniharibia data yote!"

Data! Mbuzi wa watu wanasubiri kufa, na huyu analia kwa ajili ya tableti. Nilimwambia apige simu chuoni waongeze chupa. Akasema haiwezekani, takwimu zilishapitishwa. Labda mwaka ujao wa fedha, tena kama kuna uthibitisho.

"Uthibitisho gani?" Naisenya akauliza.

"Nambari, mama. Nambari ya ukweli, kutoka kwa mwenye mbuzi."

Naisenya akaenda akasimama kwenye lango lake, akainua fimbo, akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu kwa Kiswahili, nafikiri kwa sababu kwa Kimaa ingeuma zaidi. Koko Kuntai akainuka, akajifunika shuka kichwani, akaingia ndani. Naisenya akaendelea mpaka mia moja na ishirini na sita. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Andika," akamwambia Githongo.

Githongo akaandika. Akapiga simu, akatembea huku na huku, akarudi. "Nimewaambia. Wamesema mwaka ujao."

Nilitaka kumpiga na kifuniko cha sanduku la barafu. Badala ya kupiga nilitukana, kwa Kikuyu, kwa hiyo akanielewa vizuri.

Chanjo ikishachanganywa haingoji. Naisenya ndiye aliyeshika sindano, kwa kuwa ndiye aliyefundishwa, na Githongo hakujua hata ngozi inavutwaje. Akaanza na boma la mjane mwenzake, akaenda la pili, la tatu. Dozi mia nne si kitu, zilikuwa zinakwisha. Nikamvuta kando.

"Mama Soipan, zako je? Chanja zako hata hamsini."

"Mimi nilisema ishirini," akajibu. "Hawa wengine walisema wachache kwa sababu hawajui chanjo inakuja aje. Mimi nilikuwa nimesoma. Opiyo alitufundisha vizuri, dozi ni kwa kila kichwa. Nilijua, na bado nikadanganya." Akavuta ngozi ya mbuzi wa jirani, akadunga. Dozi ya mwisho iliingia kwa beberu wa mchungaji.

Kikohozi kilifika wiki ya sita. Nilimpelekea tailosini bila malipo, tukawadunga pamoja siku nne mfululizo, tukaokoa wengine. Tulizika mbuzi wake themanini na mmoja. Maboma yaliyochanjwa yalipoteza wachache mno.

Nilidhani kijiji kitamwinamia. Wapi! Koko Kuntai alitangaza kwamba mbuzi walikufa kwa sababu mkwewe aliwahesabu mbele ya mgeni, na kijiji kizima kikakubali. Wanaosema hivyo hadharani ni walewale ambao mbuzi wao wako hai kwa mkono wa Naisenya. Wengine wamewakataza binti zao kukaa naye. Na ripoti ya chuo nimeiona, Githongo aliniletea nakala yenye karatasi nzuri inayoteleza. Imeandika kuwa kijiji kilifikiwa kikamilifu. Picha yangu imo, na tisheti. Niliisoma hadi mwisho.

Mwezi uliopita Naisenya alikuja dukani kununua sindano. Nikamuuliza hizo ni za nini, na mbuzi wake wengi wameisha.

"Hao watu wa tableti watarudi mwaka ujao," akasema. "Na hakuna mtu atataja nambari, si unajua? Sasa hata wanaogopa zaidi. Kwa hivyo nitaamka mapema, nisimame kwa kila lango, nihesabu mbuzi ya kila mtu."

"Watakuchukia, Mama Soipan."

"Si wameshanichukia?" Akaweka pesa kwenye kaunta. "Mkosi yote iko kwangu tayari. Acha nibebe na yao, mbuzi zipate dawa."

Nikamfungia sindano, na nilishindwa kumtazama usoni.