Chupa za Dirishani

Nilipokuwa mtoto wa kuendesha baiskeli kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, bibi yangu alitukataza kukojoa chini ya mringaringa uliokuwa juu ya mfereji wetu, kwenye miteremko ya Meru. Anayeukojolea mti ule, alisema, atakojoa damu.

Niliukojolea, Naomi wa jirani akinionya. Kisha nikashuka na baiskeli kwa majivuno na kutumbukia mferejini. Ncha ya usukani ilinigonga ubavuni. Sikuona hata mchubuko, lakini jioni mkojo ulitoka kama chai ya rangi.

Sikushangaa. Nilimwapisha Naomi asiseme, kwa kuwa niliamini kwamba mti ukitajwa ndipo ungenimaliza. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Anakojoa damu. Na alianguka na baiskeli."

Nilitegemea kupelekwa mtini. Bibi alijifunga khanga, akaniinua, akamwita mwenye gari.

"Na mti?" nikauliza.

"Mti umesubiri tangu enzi za babu yangu, mume wangu," alisema, kwa utani wake wa kila siku wa kuniita mume. "Utasubiri tena."

Hospitalini mjini, daktari alieleza kwamba figo ya kushoto imechanika. Figo ya mtoto haina mafuta mengi ya kuikinga. Hakunipasua. Aliniamuru nilale tu, na kila asubuhi nesi alipanga mkojo wangu dirishani katika chupa ndogo, ili rangi zilinganishwe. Damu ikizidi ningepasuliwa, na huenda figo ingetolewa.

Rangi ilipauka polepole. Asubuhi moja Naomi, aliyekuja na bibi kuniletea ndizi, aliinua chupa ya mwisho kwenye mwanga, uso mkavu kama mkaguzi.

"Leo umekojoa maji," alitangaza. Wodi nzima ilicheka, na bibi akapiga vigelegele.

Tuliporudi, bibi alimwaga maziwa kwenye shina la mringaringa, na Jumapili akatoa shukrani kanisani. Hakuona mgongano wowote, nami siku hizi siutafuti. Onyo lake lilikuwa limetimia. Alichokataa ni kuliacha liwe neno la mwisho.

Naomi nilimwoa. Sasa amelala mgombani, karibu na mfereji uleule. Figo zangu zote mbili bado zinafanya kazi, na asubuhi nikipita kaburini kwake humpa taarifa yake: leo nimekojoa maji.