Samli ya Askari

Mke wa mwanangu akiyeyusha samli, mimi natoka nje. Harufu ile siitaki.

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mjerumani, askari wa Mdachi aliyewekwa kwenye nyumba yetu ya tembe alikula kila mchana ugali wa uwele wenye samli ya ng'ombe wetu, kisha akalala akikoroma. Kazi yangu ilikuwa kumpungia nzi kwa mgwisho. Sisi tulibaki na mlenda mtupu, na usiku njaa haikutuacha tulale.

Siku moja mama alisinzia kwenye jiwe la kusagia. Askari akamkuta, akamchapa kiboko.

"Mvivu wee! Watu wa huku mnajua kulala tu!"

Mama akazoa unga uliomwagika. "Niwie radhi, bwana. Kesho nitakuongezea samli."

Nilimchukia mama kwa maneno yale.

Kesho yake alimwongezea kweli, mara mbili. Askari alilala kabla hajanawa mikono. Mama akaninyang'anya mgwisho, akautupa, akanimegea ugali uliobaki chunguni. Tulikula tukashiba, tukalala palepale mchana kweupe.

Nilipoamka, askari alikuwa bado anakoroma, nzi wamemjaa kwenye midomo yenye samli. Niligeukia upande wa pili, nikalala tena.