Mama Priska na Chupa ya Hewa

Ikupa mke wangu hakujua Kiingereza. Hata salamu hakujua. Lakini ukimkuta Hedaru mtu wa miaka arobaini na kitu, mwulize picha za video za utotoni alielezwa na nani. Atakwambia ni Mama Priska, ndiye huyo huyo Ikupa.

Tulimzika mwezi wa nne. Naandika haya kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuja matangani.

Mimi ni Mnyaturu wa Singida. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Tulikutana kwenye shamba la mkonge huku bondeni, mimi mkataji, yeye akianika nyuzi uwanjani. Shule sikwenda. Herufi nilianza kuzipata kwenye kisomo cha watu wazima, na zilizobaki alinifundisha yeye jikoni, kwa mkaa ukutani.

Shamba lilipopunguza watu tukahamia Hedaru, barabarani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Zamani tulikuwa na hela, duka halina kitu. Sasa duka limejaa, hela hatuna. Mimi nikapakia malori. Ikupa akakaanga mihogo.

Priska wetu alikuwa na miaka tisa. Sare yake ilipochanika, Ikupa alimshonea gauni la gunia la sukari. Alilifua, akalianika, akalifua tena. Maandishi yalikataa kutoka. Mgongoni ilibaki KILO 50.

"Kilo Hamsini kaja! Mpokeeni, jamani, asituangukie!"

Huyo alikuwa Godwin, mtoto wa fundi baiskeli, darasa la tano. Yeye akianza, wote wanafuata. Wakimnyang'anya Priska daftari, wanalirusha huyu kwa huyu, naye katikati anaruka kama kuku. Siku moja daftari likaangukia mtaroni. Priska akarudi nyumbani, akavua gauni, akaingia uvunguni mwa kitanda. Shule akasema basi.

Wiki ya kwanza tulimbembeleza. Ya pili nilifoka. Ya tatu mwalimu akatuma neno: asiporudi mwezi huu, jina linafutwa.

Nikachukua fimbo nimfuate Godwin.

"Rudisha fimbo, Baba Priska," Ikupa akasema. "Ukimpiga yeye leo, kesho atampiga nani?"

Nikairudisha. Sikujua atafanya nini. Nadhani na yeye bado alikuwa hajajua.

Siku zile Omari alikuwa ameleta televisheni, deki na jenereta. Aliweka banda la mabati nyuma ya soko, madirisha kayaziba kwa magunia. Ikupa alikaangia mihogo mlangoni. Picha zote za Kiingereza, na watoto walikuwa wakilalamika hawaelewi. Siku moja yeye, na mwiko mkononi, akaanza kuwaelezea kutoka mlangoni. Banda likanyamaza. Tangu siku hiyo Omari alimwekea kigoda kando ya televisheni. Nilimuuliza anaelewaje.

"Natazama nyuso," alisema. "Uso hauna Kiingereza."

Sasa kulikuwa na kanda moja. Ya mtoto wa kike aliyezaliwa hapa duniani, wazazi wake wakahamia mwezini kufanya kazi, wakampeleka shule ya kule. Watoto wa mwezini ni wepesi, wanatembea kama pamba. Yeye mzito. Akikanyaga, sakafu inalia. Basi darasa zima linamcheka. Hewa ya kule hakuwa ameizoea, anatembea na chupa yake ya hewa shingoni. Siku moja wanamvua ile chupa, wanaanza kurushiana. Mtoto anakimbia katikati yao, mdomo wazi.

Hapo hapo deki ilikula kanda. Kipande cha mwisho kikachanika kabisa. Omari alitaka kuitupa.

"Iweke Jumamosi," Ikupa akamwambia.

"Haina mwisho, mama."

"Najua haina."

Jumamosi ile mchana nilikuwepo, nimesimama mlangoni nikilinda mihogo. Ikupa alimleta Priska kwa kumshika mkono. Alikaa mbele kabisa, na gauni lake, mgongo umewageukia wote. Nikasikia nyuma, "Kilo Hamsini, inama, tunataka kuona!" Wakacheka. Ikupa hakugeuka.

Akaeleza picha vizuri, kama siku zote. Ilipofika kwenye chupa, watoto walikuwa wameacha kutafuna. Kioo kikawa cheupe, kinachemka tu.

"Omari! Picha imekata!"

"Haijakata," Ikupa akasema. "Godwin, simama."

Godwin akasimama, anajichekea.

"Chupa imerushwa, imekuja kwako. Unayo mkononi. Unaifanyaje?"

"Nairusha!"

"Kwa nani?"

Godwin akanyoosha kidole kwa rafiki yake Yahaya. Yahaya akaficha mikono kwapani. Akageukia wengine. Banda zima, mikono haikuonekana. Walikuwa wanamwangalia Priska.

"Basi unabaki nayo wewe," Ikupa akasema. "Yule mtoto amebakiwa na pumzi kumi. Tuhesabu. Moja."

Wakahesabu naye, mwanzo kwa kelele kama mchezo. Tatu. Nne. Kufika sita sauti zilikuwa zimeshuka. Kwenye saba nilisikia jenereta tu nje. Nane. Godwin alikuwa ameshika kiganja chake kwa mkono wa pili, kana kwamba kweli kuna kitu.

"Nimempa!" akapiga kelele. "Mama Priska, nimeshampa! Acheni kuhesabu!"

"Haya," Ikupa akasema. "Amevuta pumzi. Picha imekwisha. Mihogo ipo mlangoni."

Mke wangu hakuwa mtu wa kuhubiri.

Jumatatu Priska alitoka uvunguni, akavaa gauni lake. Mimi nilimfuata kwa mbali, nimejifanya naenda sokoni. Langoni Yahaya akamnyang'anya daftari, akamrushia Godwin. Godwin akalidaka. Akalitazama. Akavuka uwanja, akampa mwenyewe.

"Shika," akasema.

Jina la Kilo Hamsini lilibaki. Lakini daftari halikurushwa tena, na Priska hakukosa shule tena hadi alipomaliza. Leo ni muuguzi mkuu wa zamu. Ile kanda Omari aliionyesha miezi na miezi. Watoto walishuka hata kutoka mlimani, na kila mara Ikupa alimsimamisha mmoja.

Sasa matangani. Lilisimama lori, akashuka mtu mnene mwenye mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Godwin. Wa fundi baiskeli."

Priska akatoka jikoni. Godwin akavua kofia.

"Dada, lile jina nililokupa... nisamehe."

"Limepitwa na wakati," Priska akasema. "Sasa ni kilo themanini na saba."

Waliokuwa wamekaa mkekani wakacheka. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Godwin akakaa karibu yangu, akatoa simu.

"Mzee, ile picha nimeitafuta miaka. Mwanangu kaipata mtandaoni. Lakini mwisho siyo ule. Tazama."

Nikatazama. Chupa inarushwa. Mwalimu anaingia, anapiga filimbi, watoto wanarudi kukaa. Mwanamke mmoja, labda msaidizi wake, anamrudishia mtoto chupa yake. Basi.

"Mama aliiona wapi ile nzima?" akaniuliza.

"Hakuiona. Deki ya Omari iliila kabla."

Simu ikajizima mkononi mwake.

"Kwa hiyo mwisho ule..."

"Waliotengeneza walikosea," nikamwambia. "Yeye akauliza. Wewe ndiye uliyejibu."

Aliitazama ile simu, kisha akairudisha mfukoni. Akaniomba nimpeleke kaburini. Tukaenda wawili. Nilimsikia anahesabu kwa sauti ndogo. Alipofika nane akaacha.