Kifaranga wa Somo la Vitenzi

Juzi binti yangu alirudi na kadi za kujifunzia nomino. Moja ilikuwa na picha ya kifaranga, nikaifunika kwa kiganja.

Sisi hatukuwa na kadi. Mwalimu alituagiza vitu vya nyumbani, nami nikabeba kifaranga wa mama, akinuka pumba. Darasa zima tulimpokezana mikononi tukimtafutia vivumishi: mdogo, laini, mwepesi. Alilia weee, mchana akanyamaza.

"Anafanya nini?" mwalimu aliuliza, akitaka kitenzi.

"Amelala," nikajibu.

Alimgusa, akasita, kisha akaandika ubaoni: amelala.

Jioni alikuja kwetu Mshangano na tetea kwapani. "Nisamehe, mama," alimwambia mama kwa sauti ya chini. Mimi nilidhani ni zawadi yangu, nikarukaruka.

"Mwalimu, kesho nilete mwingine?"